Mashine mpya imeingia, tija imepanda, mshahara uko palepale. Wa kulaumiwa ni teknolojia au ni soko huria?

#1 Shifti_ya_Usiku
Wakuu habari. Kuna jambo linanikosesha raha nataka tulijadili kwa hoja, matusi hapana.

Niko kiwanda cha vifungashio mwaka wa 11 huu. Laini yetu ilikuwa na watu 14, wa kulisha karatasi, wa kukata, wa gundi, wa kuhesabu na wa kufunga mafurushi. Ikaja mashine kutoka nje inayofanya karibu vyote hivyo, tumebaki watu 5 na mzigo tunaotoa kwa shifti ni zaidi ya mara 2 ya ule wa zamani. Kwenye kikao meneja kasema tija imepanda, yaani mzigo unaotoka kwa kila mfanyakazi umeongezeka, katupongeza, tukapiga makofi, mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Nikamfuata kumuuliza akaniambia mzigo wa nje siku hizi unaingia bila ushuru kwa bei ya chini, bila hiyo mashine kiwanda kingeshafungwa, kwa hiyo tushukuru tuna kazi.

Sasa maswali yangu ni mawili. Kilichowatoa wenzangu 9 ni mashine au ni soko kufunguliwa? Na hiyo tija ambayo mimi nimeizalisha kwa mikono yangu imeenda kwa nani, maana kwangu haijafika?

#2 Kisiki
Ni mashine. Soko huria linasingiziwa tu mkuu. Biashara ikifunguka unapoteza hapa unapata pale, wenzako wanahamia kiwanda kinachouza nje. Mashine haikufungulii mlango mwingine, inakaa kwenye kiti chako basi.

#3 BintiTarakimu
Kisiki umekimbilia jibu. China iliingia Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba 2001. Ajira za viwandani Marekani mwaka 2000 zilikuwa kama milioni 17, kufika 2010 zilikuwa chini ya milioni 12. Mashine zilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo na namba ilikuwa inayumba bila kuanguka namna ile.

Wachumi watatu, Autor, Dorn na Hanson, wakachambua eneo moja moja, wakaangalia ni wapi walikuwa wanatengeneza vitu vilevile ambavyo China ilianza kuviuza. Maeneo hayo ndo yalipoteza ajira zaidi, mishahara ikashuka, watu wanaoishi kwa misaada ya serikali wakaongezeka. Na hilo la "wanahamia kiwanda kinachouza nje" ndo halikutokea kama vitabu vinavyosema, wengi hawakuhama kabisa. Nyumba iko pale, wazazi wako pale, mke ana kazi pale, unahamaje?

Utafiti uliofuata ulikadiria ajira milioni 2 hadi 2.4 zilizopotea kati ya 1999 na 2011 kwa sababu ya bidhaa za China.

#4 Kisiki
Dada nakuheshimu ila hesabu yako mwenyewe inakusaliti. Kutoka 17 kwenda chini ya 12 ni zaidi ya milioni 5. Wewe umeeleza 2 na kitu. Hizo nyingine zimeliwa na nani?

#5 BintiTarakimu
Swali halali. Na niongeze kinachokusaidia wewe, hizo milioni 2 na kitu si za viwandani peke yake, ndani yake kuna waliokuwa wanauzia viwanda malighafi na huduma. Alafu usisahau mtikisiko wa fedha wa 2008 uko humohumo. Sijasema biashara ndo kila kitu, nimesema mashine peke yake haitoshi kueleza kwa nini ilikuwa ghafla na kwa nini iliangukia sehemu fulani fulani.

#6 Mzee wa Gatini
Vijana salama. Nimesoma nimeona mnagombania mashine na biashara kama vile ni watu wawili tofauti. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mzigo gatini. Meli ikija tunasimama na daftari, gunia linashuka unapiga mstari, kreti inashuka unapiga mstari, kreni inanyanyua neti, makuli wako chini ya ngama, tumboni mwa meli, wanabeba mgongoni. Meli moja tunakaa nayo wiki nzima na zaidi. Siku likaja kontena. Sanduku limefungwa kutoka kwa mwenye mali, mimi sijui ndani kuna nini na hakuna anayetaka nijue, nasoma namba ya ubavuni tu. Meli inaondoka baada ya siku mbili. Genge la watu 20 likawa watu wachache na dereva wa kreni.

Sasa niambieni, lile sanduku la chuma ni teknolojia au ni biashara? Maana bila lile sanduku hakuna mzigo wa bei ya chini kutoka mbali wa kumtishia bosi wa huyu kijana. Kama sikosei lilianzia New York mwaka 1955.

#7 Nahodha77
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo kwa heshima, ni tarehe 26 Aprili 1956, meli inaitwa Ideal X, ilitoka bandari ya Newark upande wa New Jersey kwenda Houston, juu yake makontena 58. Aliyebuni mpango huo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori wala hakuwa baharia. Alichoka kuona malori yanapanga foleni gatini yakisubiri kushushwa kipande kwa kipande.

Na hesabu yake ndo iliyomaliza ubishi, kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida wakati ule iligharimu dola 5.86, kwenye Ideal X ikawa kama senti 16. Hakuna mkataba wa ushuru ulioshusha gharama ya kufanya biashara kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo naungana na mzee, huwezi kutenganisha.

#8 Mzee wa Gatini
Marahaba nahodha, ahsante kwa kunisahihisha. Umenikumbusha jambo lingine. Pwani ya magharibi ya Marekani makuli walikuwa na chama chini ya mzee mmoja anaitwa Harry Bridges. Mwaka 1960 wakakaa na wenye meli wakawaambia, leteni mashine zenu hatutazizuia, ila faida ya mashine lazima na sisi tuione. Ukatengwa mfuko, waliosajiliwa wakahakikishiwa hawatafukuzwa kwa sababu ya mashine, na wazee wakalipwa ili wastaafu mapema. Mashine ileile, bahari ileile, lakini kule tija ilifika mfukoni. Sisi tulipewa barua.

Kwa hiyo mdogo wangu Shifti, swali lako la pili nalijibu hivi. Tija inaenda kwa aliyekaa kwenye kiti siku inagawanywa. Mlikuwa na mtu kwenye kile kiti?

#9 Shifti_ya_Usiku
Mzee shikamoo. Chama kipo, mkataba wa hali bora uliisha muda kabla mashine haijaja na haujasainiwa mpya hadi leo. Kwa kweli sikuwahi kuunganisha hayo mambo mawili mpaka nimesoma hapa.

#10 Kisiki
Mzee umeongea vizuri ila tusiseme hadithi nusu. Wale waliohakikishiwa ni waliokuwa tayari wamesajiliwa. Vijana waliokuwa wanasubiri mlangoni hawakuajiriwa tena. Walichofanya ni kugawana mlango kisha wakaufunga.

#11 Mzee wa Gatini
Hilo ni kweli, nalikubali. Sikusema lilikuwa kamili.

#12 Fundi Spana
Ngoja niwaletee ya kwenye karakana maana naona wote mnadhani mashine ikishushwa kwenye lori tija imepanda siku hiyohiyo. Mimi ni fundi wa matengenezo, nimefunga mashine mpya nyingi tu, na karibu zote mwaka wa kwanza uzalishaji UNASHUKA. Mashine inakimbia lakini stoo inaleta malighafi kwa spidi ya zamani, wakaguzi wa ubora wanakagua kwa spidi ya zamani, msimamizi anapanga watu kama bado laini ina hatua 8. Kwa hiyo mashine inasimama inasubiri binadamu.

Hii ilitokea kwenye umeme pia. Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Viwanda vingi vya Marekani vilikuja kuona tija ya maana miaka ya 1920. Miaka 40! Sababu ni kwamba kiwanda cha mvuke kilikuwa na injini moja kubwa inazungusha shafti ndefu juu ya dari, kila mashine inavuta nguvu pale kwa mkanda. Umeme ulipokuja wakatoa injini wakaweka mota moja kubwa palepale na shafti ileile. Umebadilisha nini hapo? Mpaka walipokuja kuwa na mota ndogo kwenye kila mashine ndo wakaweza kupanga kiwanda kwa kufuata kazi inavyotembea, majengo yakawa ya ghorofa moja, mwanga ukaingia. Kilicholeta tija ni kupanga upya, mota ilikuwa inasubiri tu.

Kwa hiyo mi nasema huenda hata hiyo tija yenu mkuu haijafika bado, iliyofika ni ya kupunguza watu.

#13 Mwalimu K
Fundi umenena. Ndiyo maana mchumi Robert Solow mwaka 1987 aliandika kwamba zama za kompyuta unaziona kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Watu wakamnukuu miaka yote, kisha kuanzia katikati ya miaka ya 1990 tija Marekani ikaruka kweli karibu miaka 10, alafu ikapoa tena katikati ya miaka ya 2000, mpaka leo wachumi hawakubaliani ilipoa kwa nini.

Lakini niongezee kitu cha zamani zaidi maana swali la Shifti lina miaka 200. Mchumi wa Uingereza David Ricardo ndiye aliyetufundisha mwaka 1817 kwamba nchi mbili zinafaidika zikibadilishana hata kama moja ni hodari kwenye kila kitu, akatoa mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Huyohuyo mwaka 1821, toleo la tatu la kitabu chake, akaingiza sura mpya kuhusu mashine na akakiri wazi kwamba alikuwa amekosea, mashine inaweza kuumiza tabaka la wafanyakazi na malalamiko yao si ujinga. Mtu wa heshima ile kubadili msimamo hadharani, mimi hilo linanigusa sana kila nikilifundisha.

Na usisahau mazingira. Mwaka 1811 mafundi wa kufuma soksi kule Nottingham walianza kuvunja fremu, yaani mashine za kufumia, usiku. Bunge likapitisha sheria 1812 kwamba kuvunja fremu adhabu yake ni kifo, mshairi Byron akasimama kwenye Bunge la Mabwana kuwatetea, haikusaidia. Watu wanawaita wapinga maendeleo. Wale walikuwa mafundi wenye ujuzi, walizijua mashine kuliko wabunge wote, walichokipinga ni namna zilivyotumika kushusha malipo na kuajiri watoto wasiopitia uanafunzi.

#14 Msomaji Kimya
Mwalimu lakini mwisho wa siku Waingereza si walitajirika? Wajukuu wa hao mafundi waliishi maisha mazuri kuliko wao.

#15 Mwalimu K
Walitajirika ndiyo. Swali ni lini. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen ameonyesha kwamba nusu ya kwanza ya karne ya 19 pato kwa kila mfanyakazi Uingereza lilikuwa linapanda huku mshahara halisi ukijikokota, faida ndo iliyonenepa. Mishahara ikaja kupanda kwa kasi baada ya hapo. Miongo minne ni maisha ya kazi ya mtu mmoja mzima. Ukimwambia Shifti wajukuu wake watafaidi ni kweli, ila yeye kauliza habari zake.

#16 Dada_Cherehani
Naomba na mimi niseme maana naona soko la nje linapigwa mawe tu. Mimi soko la nje ndo lilinipa kazi. Nashona nguo za kusafirishwa, nilianza sijui hata kubadili sindano. Kabla ya hapo sikuwahi kushika mshahara wenye jina langu.

Na hapa roboti hatujaiona. Injinia wetu alitueleza kitambaa ni kitu kilegevu, kinajikunja, kinateleza, mkono wa chuma unashika vizuri bati au boksi lakini kola ya shati inaushinda. Ndo maana nguo zinafuata mikono ya watu wa malipo madogo nchi hadi nchi.

Ila tusidanganyane, tija huku inapatikana kwa saa ya mkononi. Anasimama mtu nyuma yako anapima sekunde unazotumia kushona mfuko mmoja, kesho yake hiyo ndo hesabu yako ya saa. Ukiifikia wiki mbili mfululizo wanaipandisha. Nilizidi hesabu mwezi mzima nikifikiri nitaongezwa, nilichoongezwa ni hesabu. Na ukiuliza unaambiwa mnunuzi ana nchi nyingine 10 za kupeleka oda. Nakumbuka wakubwa wetu wanavyosimulia tarehe 1 Januari 2005 ule mfumo wa kota za nguo, yaani kikomo cha nguo ambazo kila nchi iliruhusiwa kuuza nje, ulipoisha duniani, viwanda vilivyokuwa vinaishi kwa kota tu vilifunga mashine na wenye mali wakahama. Kwa hiyo kwangu mimi soko limenipa kazi na soko hilohilo limenifunga mdomo. Sijui niweke upande gani.

#17 Kisiki
Dada hapo umenigusa. Kumbe kuna tija isiyohitaji mashine wala akili, inahitaji mtu na saa.

#18 Nahodha77
Na kuna kitu kinaitwa mkataba wa bidhaa za teknolojia ya habari, ulikubaliwa Singapore mwaka 1996. Nchi zilizojiunga zilikubaliana kuondoa ushuru kwenye kompyuta, vifaa vya simu, semikondakta (chipu za ndani ya kompyuta) na vinavyofanana na hivyo. Ona sasa mzunguko: makubaliano ya BIASHARA yanafanya TEKNOLOJIA kuwa rahisi, teknolojia inamwezesha mtu aliyekaa ofisini bara moja kuendesha laini ya uzalishaji bara lingine kwa simu na skrini, hiyo nayo inazaa biashara zaidi, biashara inamtisha bosi wa Shifti, bosi ananunua mashine. Ukiniuliza nani kawatoa wale 9 siwezi kukata kamba hiyo mahali popote nikasema hapa.

#19 BintiTarakimu
Nahodha mzunguko wako ni mzuri kuuchora, ila ukisema kila kitu kinasababisha kila kitu tumeshindwa kazi. Kuna sehemu waliweza kutenganisha. Canada na Marekani mkataba wao wa biashara huria ulianza 1989. Mchumi Daniel Trefler akalinganisha viwanda vya Canada ambavyo ushuru wake ulikatwa sana na ambavyo haukuguswa sana. Kwenye vilivyokatwa sana ajira zilishuka asilimia 12, tija ya kazi ikapanda asilimia 15. Yote mawili kwa wakati mmoja! Sehemu ya kupanda ni kwa sababu viwanda dhaifu vilikufa, wastani ukanyanyuka. Yaani darasa likifukuza wanafunzi wa mwisho wastani unapanda hata kama hakuna aliyejifunza kitu kipya.

Na hapo ndo naogopa neno tija. Kuna mchumi mwingine, Susan Houseman, alionyesha kwamba ukuaji mwingi wa uzalishaji viwandani Marekani ulitoka kwenye tasnia moja ya kompyuta, na si kwamba zilitengenezwa nyingi, ni kwamba kila moja ilikuwa na nguvu kuliko ya mwaka jana na takwimu zinahesabu hilo kama uzalishaji zaidi. Ukiitoa tasnia hiyo hadithi ya "roboti zimefanya viwanda vizalishe sana kwa watu wachache" inapungua uzito. Hilo ni lako Kisiki.

#20 Kisiki
Nimelipokea. Sijaanguka lakini.

#21 TafsiriNjema
Nyie wote mnaongelea vitu vya kushika. Mimi ni mfasiri. Miaka ya nyuma napewa maandishi natafsiri nalipwa kwa neno. Sasa hivi wateja wanapitisha kwenye akili unde kwanza wananiletea "nihariri tu" kwa nusu ya malipo, wakati kurekebisha sentensi iliyooza kunachukua muda kuliko kuandika yangu. Kwa karatasi tija yangu imepanda, maneno kwa siku ni mengi zaidi. Macho yanauma na mapato yameshuka. Na ushindani ni wa dunia nzima, kazi inawekwa mtandaoni usiku, asubuhi ameshaichukua mtu wa bara jingine.

#22 Fundi Spana
Akili unde ndo nini, si akili bandia hiyo?

#23 Mwalimu K
Akili mnemba.

#24 TafsiriNjema
Jamani mimi ndo nalipwa kwa maneno, niachieni langu. Bandia ina harufu ya kitu feki, na hiki kilichonipunguzia malipo ni halisi kabisa.

#25 Msomaji Kimya
Mfasiri pole. Ila nimesoma utafiti uliofanywa kwa wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 waliopewa programu ya akili unde inayowapendekezea majibu. Kwa wastani matatizo waliyotatua kwa saa yaliongezeka asilimia 14, na kwa wageni kazini asilimia 34, huku wale wazoefu wakibaki karibu palepale. Maana yake mashine ilichukua ujuzi wa wazoefu ikawapa wageni. Si ni jambo jema hilo? Mara nyingi teknolojia inamwinua msomi, hii inamwinua wa chini.

Na mfano wangu mwingine mashine za kutolea fedha. Ya kwanza ilifungwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. Kila mtu alisema makarani wa benki wamekwisha. Marekani makarani waliongezeka, kwa sababu tawi moja lilihitaji watu wachache likawa rahisi kulifungua, benki zikafungua matawi mengi zaidi.

#26 BintiTarakimu
Waliongezeka kwa miaka, kisha benki ilipohamia kwenye simu wakaanza kupungua. Mfano huo watu huutoa wakaukata kabla haujaisha.

#27 TafsiriNjema
Na kwenye huo utafiti wa wahudumu mimi naona kitu kinaniuma. Ujuzi uliochukuliwa ni wa wale wazoefu. Mazungumzo yao ya miaka ndo yaliyoifundisha programu. Wao wamelipwa nini kwa kufundisha?

#28 Msomaji Kimya
Hapo sina jibu kwa kweli.

#29 Dada_Cherehani
Hiyo ni saa ya mkononi ileile. Anakupima ukiwa bora, kisha ubora wako unakuwa kipimo cha wote.

#30 Shifti_ya_Usiku
Nimefuatilia yote, ahsanteni sana. Nimeongea na fundi wa mashine yetu leo kanieleza jambo sikulijua. Ile mashine imeunganishwa na intaneti, inatuma taarifa kwa waliotutengenezea kila saa. Softiwea yake inalipiwa kila mwaka, ikiharibika hatuna ruhusa ya kuifungua, anakuja mtu wao au anaingia kutokea hukohuko kwao. Wino na gundi lazima vya kwao la sivyo inagoma. Kwa hiyo huenda hata bosi anasema ukweli anaposema hana cha kuongeza?

#31 Fundi Spana
Hapo umefika penyewe. Zamani mashine ukiinunua ni yako, spea unachonga mwenyewe. Sasa umenunua ruhusa ya kuitumia. Sehemu ya tija yenu inapanda ndege kila mwaka kwa jina la leseni.

#32 Mzee wa Gatini
Usiwe mwepesi kumwamini bosi mdogo wangu. Omba uone mahesabu. Makuli wa pwani ya mashariki Marekani Oktoba 2024 waligoma siku 3 tu, wakarudi na makubaliano ya nyongeza ya karibu asilimia 62 kwa miaka 6, na suala la mitambo inayojiendesha likaendelea kujadiliwa hadi Januari. Nao waliambiwa hakuna cha kuongeza.

#33 Kisiki
Mzee wale wameshika mlango wa bahari, meli haina pa kwenda. Shifti akigoma mteja anaagiza maboksi nje. Hapa ndo biashara huria inaingia, kidogo narudi nyuma kwenye bandiko langu #2. Haikuwa lazima mzigo wa nje uwatoe wale 9. Kutishia tu kunatosha kufanya mshahara ukae palepale.

#34 BintiTarakimu
Kisiki karibu!

#35 Kisiki
Nimesema kidogo.

#36 Nahodha77
Ndiyo maana mkataba mpya wa Marekani, Mexico na Canada ulioanza Julai 2020 uliweka sharti kwamba ili gari lipite bila ushuru asilimia 40 hadi 45 ya thamani yake itoke kwenye mikono ya wafanyakazi wanaolipwa angalau dola 16 kwa saa. Mshahara umeandikwa ndani ya sheria ya forodha. Zamani mkataba wa biashara ulikuwa ni ushuru na mizigo tu.

#37 Mwalimu K
Wazo zuri ila linaweza pia kuwa ukuta. Kiwanda cha nchi ya malipo madogo kinaweza kusoma sharti hilo kama "kaa nje". Dada_Cherehani angepata kazi chini ya sharti la namna hiyo?

#38 Dada_Cherehani
Nisingepata. Na bado nalitaka.

#39 Msomaji Kimya
Kuna njia ya tatu, walioumia na biashara wasaidiwe wajifunze kazi nyingine. Marekani walikuwa na mpango huo tangu 1962.

#40 BintiTarakimu
Walikuwa nao, muda wake wa kisheria uliisha Julai 2022 Bunge lao likaacha hivyo. Na tatizo lake lilikuwa hilihili la uzi huu, uthibitishe kwanza kwamba kilichokutoa ni biashara. Ukitolewa na mashine hukuhusika. Jaribu kuwaza wenzake Shifti 9 wanajaza fomu ile, wanatia tiki wapi?

Ujerumani nako uchunguzi kuhusu roboti ulionyesha waliokuwa ndani ya kiwanda wengi walibaki, wakahamishwa kazi ndani kwa ndani, kilichopungua ni nafasi za vijana wapya. Ule mlango wa Kisiki tena.

#41 Dada_Cherehani
Tumeongea siku tatu na hakuna aliyemuuliza mleta mada. Ndugu Shifti, hao wenzako 9 wako wapi sasa?

#42 Shifti_ya_Usiku
Mmoja alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, yuko nyumbani. Wawili wanaendesha pikipiki, oda wanapata kwa programu ya simu. Mmoja dada wa gundi amefungua biashara ndogo na anasema hataki kurudi. Watatu sijui, namba zao hazipatikani. Wawili wamerudi hapahapa kiwandani tangu mwezi jana, wanafunga mafurushi yale ambayo mashine inayakosea, ila wameletwa na wakala, malipo ya siku, sare yao rangi tofauti.

#43 BintiTarakimu
Ngoja Shifti. Hao wawili wa wakala wanafanya kazi ya laini yenu, kwenye jengo lenu. Meneja aliposema tija imepanda aligawanya mzigo kwa watu 5 au kwa watu 7?

#44 Shifti_ya_Usiku
Kikao kijacho ni Jumatano. Nitamuuliza hilohilo, kwa maneno hayohayo, na nitaleta jibu hapa.